Bendera Tulizozililia

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Nyakati za Zaire, shule yetu ilimwagiza ashone bendera ya kijani, ile yenye duara la manjano na mkono ulioshika mwenge. Kitambaa cha manjano hakikutosha. Akaunga vipande viwili, na mshono ukapita katikati ya duara. Mkuu wa shule akaikataa. Mama hakubishana, aliikunja akaiweka, akashona nyingine. Alipofariki, ile iliyokataliwa ikabaki kwangu.

Ndiyo iliyonifanya nianze kukusanya bendera, au drapo kama tunavyoziita hapa Goma. Nilikuwa tayari mwalimu wa historia, na mwenzangu wa kazi hiyo alikuwa mwalimu wa jiografia, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa sekondari. Baba yake ndiye aliyekuwa akinilisha miaka niliyosoma mbali na kwetu.

Tulizunguka tukiuliza wazee. Huko Kituku, kando ya ziwa, tulimkuta mwenye mtumbwi aliyekuwa anafunikia injini yake bendera ya buluu yenye nyota kubwa na nyingine sita ndogo pembeni, imepauka kwa jua hadi inakaribia weupe. Alitupa bure, akitucheka. Zile tulizozikosa tulizishona wenyewe siku za Jumamosi, tukigombana buluu ya zamani ilikuwa imekolea kiasi gani. Darasani nilizitandika juu ya meza nikawaeleza watoto: nyekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi, manjano ni utajiri wake. Siku moja msichana mmoja akaniuliza, "Madame, kama nyota sita ni majimbo sita, mbona tulizirudisha baada ya Zaire, wakati majimbo yalikuwa yameshaongezeka?" Nilimpelekea mwenzangu swali lake, tukalijadili wiki nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yetu.

Kisha mji ukapata wakubwa wapya. Ikavuma kwamba nyumba zitapekuliwa, na kwamba mutu akikutwa na kitambaa cha serikali yoyote atajieleza. Nyumba yangu iko karibu na Lac Vert, kando ya barabara ya Sake, wanapopita watu wote wenye bunduki. Ya mwenzangu iko mtaa wa Himbi, nyuma ya ukuta mrefu. Tukahamishia kwake sanduku la drapo zetu.

"Usiogope, dada yangu," aliniambia. "Hapa hakuna mutu atagusa."

Wiki tatu baadaye alikuja kwangu asubuhi, macho mekundu.

"Nilichoma yote," akasema. "Walikuwa wanapekua nyumba ya jirani. Sikukuwa na namna."

"Hata ya mama?"

"Hata ya mama."

Tulilia pamoja, tumeshikana. Mimi ndiye niliyembembeleza. Nilimwambia kitambaa si mutu, afadhali uhai wake. Kwa miezi nilijilaumu kwa kumtwika hatari ile, na darasani nikawaambia watoto kwamba drapo zetu zimeungua.

Mwaka uliofuata aliacha shule. Alisema amepata kazi ya biro, ya ofisini, katika nyumba moja ya utamaduni inayoendeshwa na wageni pale Himbi. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilimsaidia hata kuchagua kitenge cha kuvaa siku ya kwanza.

Mwisho wa muhula mkuu wa shule akaniomba nipeleke darasa langu kwenye nyumba hiyo, kuangalia maonyesho ya historia. Tukaingia ukumbini. Ukutani, nyuma ya kioo, zilitundikwa bendera zetu zote. Ile ya mwenye mtumbwi. Zile tulizozishona. Na ya kijani, mshono ukipita katikati ya duara. Chini ya kila moja palikuwa na karatasi yenye jina la mwenzangu.

Yeye mwenyewe akatokea kwa mlango wa pembeni, fimbo ya kuonyeshea mkononi. Aliponiona aliinua fimbo yake, akaanza kueleza. Alitumia maneno yangu. Hata lile swali la nyota sita alilisema kama lililomjia yeye, na msichana aliyeliuliza amesimama mbele yake. Msichana huyo akanigeukia.

"Madame, si ulituambia zilichomwa?"

Watoto wote walikuwa wananiangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye mwongo.

Walipokuwa wanakunywa maji uani, nilimvuta kando.

"Juu ya nini ulifanya hivi?"

"Wageni hawa walikuwa wanatafuta mutu mwenye mkusanyo," akasema. "Bila mkusanyo hakuna kazi. Na wewe usingekubali."

"Ungeniuliza."

"Ungekatala."

"Basi ungeniacha nikatale! Ulikuja kwangu ukalia. Nilikupangusa machozi."

Akatazama chini. "Nililia kweli," akasema.

Niliomba anirudishie ya mama peke yake. Akasema ameshatia saini kuikabidhi, si yake tena. Nikamwandikia mkubwa wake barua ya kurasa mbili. Alinijibu kwa adabu kwamba karatasi zote ziko sawa.

Kesho yake niliwaeleza wanafunzi ukweli, kila kitu, ila sikumtaja kwa ubaya. Waliniamini, nadhani. Msichana yule hakuuliza swali lingine hadi mwaka ukaisha, na hilo nalo ninamdai mwenzangu.

Miezi michache iliyopita baba yake alifariki. Nilikwenda matangani, kwa sababu ya sahani zote nilizokula kwake. Nilikaa na wanawake wengine, nikaosha vyombo, nikamenya ndizi. Jioni mwenzangu akanifuata jikoni, akanikumbatia mbele ya watu, akilia kwa nguvu. Nilisimama tu. Sikujua kilio hicho nikiamini au vipi, na baba wa watu alikuwa amekufa kweli. Mikono yangu niliiacha chini, ina maji ya vyombo, hadi akaniachia.