Koko Aliyeleta Pusete

Ukutani kwa maman kuna picha ya koko, yaani nyanya yangu, mama aliyemzaa maman. Amekaa kwenye kiti cha mpiga picha, mikono juu ya magoti, kitambaa kichwani, vikwembe viwili, yaani vitenge, kiunoni, uso kama wa mtu anayesubiri hukumu. Kila mgeni akiingia anauliza, "Huyu muzee alikufa na miaka ngapi?" Hakuwa muzee. Siku ya picha ile alikuwa na miaka arobaini na kitu. Ndiyo miaka aliyo nayo maman leo.

Chini ya picha hiyo hiyo ndipo maman anapojipamba. Kope za kubandika, kucha za kubandika, nywele za kubandika. Siku moja nilimwambia kwamba kilichobaki chake ni meno tu. Akajibu bila kugeuka kutoka kwenye kioo: "Hata yenyewe niko nayafikiria."

Mimi nina mtoto mmoja wa kunyonya, nina diploma yangu ya sekondari kabatini, na sijalala vizuri tangu nizae. Tukienda pamoja soko la Kadutu, wauza nyanya wanamwita yeye "mademoiselle", yaani msichana. Mimi wananiita "maman". Safari moja muuza ndizi alimkaripia: "Dada, si umubebee mama yako kitunga!" Huyo mama yake nilikuwa mimi. Maman alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikuona ukuta wa kushika.

Haya, hayo ya sokoni ningeyameza. Lakini kuna jambo la ngobi.

Ngobi ni kitambaa cha kumbebea mtoto mgongoni. Hakuna ajabu ndani yake, kikwembe chochote kipya kinafaa. Ila kwetu, binti akizaa mtoto wa kwanza, ngobi lazima itoke mkononi mwa mama yake. Na siku ya ubatizo, huyo koko mpya ndiye anayemfunga mtoto mgongoni na kuingia naye katika parseli, yaani ua wa wakwe. Asipofanya hivyo, wakwe watasema maisha yote kwamba binti hakuolewa, aliokotwa. Na mimi ndiye ninayeishi na hao wakwe, si maman.

Nilianza kumkumbusha tumbo likiwa bado dogo.

"Maman, ngobi."

"Nimesikia."

"Si ya kusikia, ni ya kuleta."

"Weye unapenda kunizeesha mbele ya batu. Na huyo mutoto, akianza kusema, asiniite koko. Aniite maman wa mujini."

"Na mimi aniite nani?"

"Weye? Weye atakuzoea."

Kwa ajili ya ubatizo, mama mukwe alichagua vikwembe vya sare: cha bluu kwa bamama, cha njano kwa wasichana. Mimi, kwa kuwa nimezaa, nilipewa bluu: blauzi ya libaya, kikwembe cha chini, na kikwembe cha pili cha kufunga juu yake. Nikajitazama kwenye kioo. Nilikuwa picha ya ukutani, imeshuka.

Maman alipewa bluu pia. Sijui aliibadilisha na nani, lakini asubuhi ya ubatizo alikuja na njano, imeshonwa gauni, imembana hadi chai aliyokunywa ilionekana. Miguuni, visigino virefu. Na mbele yake, akiisukuma kwa ncha za kucha, pusete: kile kigari cha kumsukumia mtoto.

Mtu amezaliwa Bukavu. Amekulia Bukavu, mji wa miteremko, ambapo lami ikiisha kinachobaki ni matope na ngazi za mawe, na mbuzi mwenyewe anafikiri kwanza kabla ya kupanda. Mtu huyo amenunua pusete.

"Ngobi iko wapi?" nikauliza.

"Si ndiyo hii? Ya kisasa. Iko na magurudumu ine na kivuli."

Kanisani yote yalikwenda vizuri, kwa sababu sakafu ya kanisa ni bapa. Taabu ilianza taksi ilipotushusha mwisho wa lami, chini ya kilima cha wakwe. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Mama mukwe na dada zake walikuwa nyuma yetu, wanaimba na kupiga makofi. Maman akamweka mtoto ndani ya pusete. Wimbo ukakatika.

"Bamama, muangalie!" mama mukwe akapaza sauti. "Mujukuu wetu anaingia na gari yake!"

"Na ule shofere mwenye njano ni nani?" akadakia dada yake. "Dada mudogo ya mama mutoto?"

"Kumbe koko wa upande ule alishakufa? Mbona hatukuambiwa twende kilio?"

Wakacheka. Maman akasukuma. Pusete ikapanda kidogo, ikazama, gurudumu moja likachomoka na kuteremka zake kuelekea barabarani, polepole, kama mtu anayekwenda kazini. Hakuna aliyelifukuza. Mtoto akaanza kupiga kelele.

Hapo nikalipuka.

"Maman, nilikuomba kitambaa! Kitambaa tu! Yule wa kwenye picha alikuwa na miaka yako, na alijua kuwa koko. Weye unashindwa nini?"

Akanitazama. Jasho lilikuwa limeng'oa kope za jicho moja, zinaning'inia kama mdudu. Alisema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Ule wa kwenye picha alinipatia ngobi nikiwa na miaka kumi na saba. Alikufunga weye mugongoni mwangu, akaniambia: sasa uko mama, magauni weka kando. Benzangu walirudi kwenye masomo. Mi nilitembea na vikwembe viwili kama muzee. Weye ulimaliza masomo, ulivaa jeans, ulicheza mpaka ukachoka. Mi usichana wangu niko naufanya sasa. Umechelewa, lakini niko naufanya."

Ningependa kusema kwamba hasira iliniisha. Haikuisha. Hasira na huruma zilikaa kifuani mwangu kama wake wenza, kila mmoja na jiko lake. Lakini mtoto alikuwa analia, na mama mukwe alikuwa amekunja mikono, anakusanya habari za kusimulia hadi kwa ndugu zake wa kule kijijini Miti.

Nikafungua kikwembe changu cha juu, nikamrushia maman.

"Funga."

Akainama, akamtupia mtoto mgongoni, akavuta, akakaza fundo juu ya kifua. Kucha mbili zilibaki matopeni. Mikono haikusahau kitu. Mtoto akanyamaza palepale.

"Kumbe anajua!" mama mukwe akasema.

"Mukwe," maman akamjibu, kope moja juu, moja chini, "weye uko naimba ao uko naangalia? Wimbo yako ilikufia wapi?"

Dada za mama mukwe ndio waliocheka kwanza. Kisha makofi yakarudi, na maman akapanda mbele ya wote kwa visigino vyake, anakanyaga jiwe kwa jiwe kama aliyekuwa akisubiri kilima.

Pusete hatukuweza kuiacha pale, ingepata mwenyewe mara moja. Nikajitwika kichwani. Nikafuata nyuma, na kikwembe kimoja, matope hadi magotini. Mama mmoja aliyekuwa anauza makala, makaa ya kupikia, kando ya njia alisogeza beseni lake ili nipite.

"Pole na muzigo, koko," akaniambia. "Binti yako ule wa mbele anapendeza!"

Mbele, bila kugeuka, maman alicheka. Kikwembe changu hajanirudishia hadi leo. Nikimdai, anasema ngobi ya koko hairudishwi.