Kitabu cha Mama wa Kalinzi

Nilikuwa sokoni Katonga nikichagua dagaa nilipopigiwa simu kwamba muuguzi mstaafu wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, yule aliyekuwa akituazima vitabu, ametutoka. Nililia pale pale mbele ya wauzaji, na sioni haya kulisema. Ninyi wasomaji wangu wa siku nyingi mnamjua bila kujua: kila nilipoandika hapa kwamba mtu mmoja amenipa kitabu, mtu huyo alikuwa yeye. Aliletwa Kigoma kikazi akiwa binti, akastaafu, akasahau kurudi kwao.

Sebuleni kwake hapakuwa na daftari wala faini, bali sharti moja tu. Ukimaliza kitabu kilichokuteka, ukaenda mbio kumuuliza usome nini sasa, alikutazama kama mgonjwa anayetaka kuruka dawa. "Maliza dozi kwanza," alisema. Maana yake ukichukue kitabu kile kile, umpelekee kwa mkono wako msomaji atakayekutajia, mkae mkizungumze, ndipo urudi. Mimi niliona ni usumbufu, maana watu wa magazeti hatupendi kutumwa. Lakini ni sharti hilo lililonikutanisha na fundi cherehani mmoja wa Ujiji, aliyenieleza maana ya mwisho wa riwaya niliyompelekea hadi nikaona aibu, nikairudia upya.

Miaka miwili iliyopita muuguzi alinipa riwaya ambayo nilipofika ukurasa wa mwisho sikutaka kuongea na mtu. Akaniambia niipeleke Kalinzi, kwa mama mmoja mkulima wa kahawa. Sikuipeleka. Niliipenda mno, nikaifungia kabatini, nikamwambia imeshafika. Alinitazama kidogo, kisha akanipa kijitabu cha kilimo cha maharage. Nikadhani uzee umeanza kumchezea. Nikajinunulia vitabu vingine, na hakuna hata kimoja kilichoninogea. Niliandika hapa safu nzima kwamba waandishi wa siku hizi hawana chumvi, na baadhi yenu mkaniunga mkono. Niwieni radhi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kesho yake baada ya maziko nilipanda bodaboda hadi Kalinzi na ile riwaya mkobani. Nilimkuta mama huyo akianika kahawa. Nikamwamkia shikamoo, nikampa habari ya msiba, ambayo alikuwa nayo, kisha nikamwambia ukweli wote nikiwa nimesimama. Alifuta mikono kwenye kanga, akakipokea kitabu, akakigeuza nyuma na mbele.

"Kila nilipoteremka Mwanga nilimuuliza," alisema. "Alinijibu kipo kwa mwandishi, hajakimaliza. Miaka miwili, mwanangu. Nikasema huyu naye anasoma polepole."

Kumbe muuguzi alijua, na bado akanisitiri. Mama aliingia ndani, akatoka na kitabu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge. Aliniambia amekirudia mara tatu kwa kukosa kingine, maana dozi yake ilikuwa kunikabidhi mimi.

"Hiki chako," akasema. "Alisema nikupe siku utakayofika."

Basi kitabu nilichokuwa nikikitafuta madukani kilikuwa kikinisubiri Kalinzi tangu siku ile niliyodanganya, na mama wa watu amekaa bila cha kusoma kwa sababu yangu. Mkiniuliza leo msome nini baada ya kitabu kilichowakosha, nitawauliza kwanza mmempelekea nani. Hicho cha kitenge nilikimaliza jana, na ni kizuri kiasi kwamba mkono unaniwasha kukificha. Yule wa kunitajia jina hayupo tena, kwa hiyo nimechagua mwenyewe: nikishaiwasilisha safu hii, nashuka Ujiji kwa fundi cherehani.