Resori ya Shemeji Yangu

Vijana wa Kasongo wananiuliza kwa nini inchi yetu inashindwa kutengeneza hata gari moja la kudumu. Wanalaumu viwanda, wanalaumu serikali. Mimi ninajua ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ule ulikuwa mu kichwa changu mimi, tangu wakati wa Wabelgiji.

Nilikuwa fundi mukubwa wa garaji moja ya hapa. Siku moja kamyo ya pamba ilivunjika resori mu njia ya Kabambare, kile chuma kinachobeba uzito juu ya magurudumu, nikatumwa. Shemeji yangu, ndugu ya bibi yangu, alikuwa mufua vyuma kule. Alifua resori ingine kwa siku mbili, akaipiga alama zake tatu za nyundo kwenye ncha. Kila jembe lake lilikuwa na alama zile, na likivunjika lilirudishwa kwake bila ubishi. Tulifika Kasongo na muzigo wote, salama. Shemeji aliniomba neno moja tu: nimuambie muzungu wa garaji kwamba kazi ile ni yake. Pengine angemuandika kazi, naye angeepuka shamba la pamba la lazima, maana mwenye kuandikwa hakulimishwa.

Muzungu alipoinama kuiangalia, nikaona haya. Haya ya nini? Mpaka leo sijui. Nikasema, "Bwana, hii iko chuma cha kijiji tu. Tungoje ya Ulaya." Nikaifungua mwenyewe.

Shemeji nilimuambia ilipasuka. Akaomba vipande vyake, kama desturi. Nikasema tulivitupa.

Kamyo ililala miezi. Resori ya Ulaya ilipofika, ikavunjika safari ya pili, barabara yetu munaijua. Basi nikaitoa ya shemeji chini ya kitanda changu, nikaifunga kimya kimya. Muzungu, akizani ni ile ya Ulaya, akasifu chuma cha kwao, nami nikaitika, ndiyo Bwana. Mujinga mimi! Ninaona haya hata nikiandika.

Kamyo ile ilitembea miaka. Siku moja tulisimama Kabambare kupakia pamba, nikamukuta shemeji mu foleni ya walimaji. Alikuwa amekonda, na moto wa kufulia vyuma alikuwa ameuacha zamani. Akatua furushi lake la pamba, akainama chini ya kamyo, akapapasa ncha ya resori kwa kidole. Moja, mbili, tatu.

"Haikupasuka, shemeji," alisema.

Akabeba pamba yake, akarudi mu foleni.