Watu wa Croisette

Kambo wangu alipokea simu ya Djo, anayetembeza wageni, akiwa amesimama juu ya kiti cha plastiki, kwa sababu nyumbani kwake Kasapa, nyuma ya kampasi ya chuo kikuu, mtandao haushuki chini. Kambo ndivyo tunavyomwita babu hapa Lubumbashi. Jina lake ni Symphorien Chomba, ana miaka sabini na minne, jicho la kulia halioni kitu na la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mimi nilishika miguu ya kiti.

Aliposhuka alikuwa anacheka peke yake.

"Huguette, bibi yangu, unasikia? Bantu ba croisette banakuya! Bazungu ine, siku ya tano. Balivuka bahari juu ya croisette!"

Ananiita bibi yake tangu nizaliwe. Huo ndio utani wa kambo na wajukuu. Na siku ya tano kwetu ni Ijumaa, kwa sababu tunahesabu kuanzia Jumatatu. Nilifurahi kumwona ana furaha.

Croisette ni msalaba wa shaba, mikono minne iliyo sawa, mzito kuliko unavyoonekana. Zamani, kabla ya noti, ndiyo ilikuwa pesa ya huku kwetu. Siku hizi utauona ukutani sebuleni kwa watu na kwenye meza za wauza vitu vya kizamani. Kambo alifundishwa kuutengeneza na mjomba wa mama yake, kuanzia jiwe la kijani mpaka msalaba, akiwa kijana bado. Halafu akaingia kazini, akasimama mbele ya tanuri la kiwanda miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alirudia udongo wa kichuguu na viriba vya ngozi ya mbuzi vya kupulizia moto. Alimwaga misalaba miwili tu, yote wakati mimi niko mtoto, kwingine, mbele ya rafiki zake ambao wote wameshakufa.

Hapo ndipo tatizo lake lilipo. Kasapa hakuna anayemwamini. Mama Adolphine, jirani yake anayeuza makala, yaani mkaa, humtania kila anapopita.

"Chomba, ile croisette yako uliinunua ku soko! Miye najua hata meza yenyewe."

"Adolphine, siku moya utaona moto, utakimbia na ile makala yako."

"Nitakimbilia wapi? Unawasha moto ya mudomo tu!"

Wote walicheka, na kambo pia, ila baadaye alikuwa anakwenda kuhesabu mawe yake. Mawe ya kijani aliyobaki nayo yalijaa gunia moja. Kilima alikoyaokota, upande wa Kinsevere, sasa kimezungushiwa ua, na hakuna mtu anayeingia na gunia. Gunia moja ni tanuri moja, na tanuri moja ni msalaba mmoja. Na daktari wa macho alikwisha kumwambia kwamba kiangazi kijacho jicho la kushoto nalo litakuwa limefunga. Alikuwa anataka jambo moja: watu wa nje waione shaba ikitoka kwenye jiwe, mbele ya majirani, mara moja, yeye mwenyewe akiwa bado anaweza kushika mtalimbo.

Nilimwambia nitachukua video kwa simu yangu.

"Weye uko muntu ya nyumba," akasema. "Video ya mujukulu, nani atakubali?"

Siku ya Jumanne Djo alinitumia programu kwa WhatsApp, kwa sababu nilisoma Kiingereza chuoni na yeye alihitaji mtu wa kutafsiri. Nikaisoma mara mbili. Hapakuwa na neno croisette popote. Palikuwa na neno croisière.

Djo ana boti huko Kilwa, kwenye ziwa Mweru. Huchukua wageni siku tano, wanalala humo humo, wanakula samaki, wanatazama ndege na machweo. Safari hiyo ya starehe ndiyo croisière. Lakini ndege inashusha wageni Lubumbashi, na lazima walale mjini kabla ya kuchukua barabara, kwa hiyo Djo aliwatafutia vitu visivyo vya kawaida vya kutazama. Aliviandika kwa mpangilio: bomba refu la kiwanda na ule mlima mweusi wa masalio ya shaba, dakika ishirini. Meza za viwavi vilivyokaushwa sokoni, dakika thelathini. Stesheni ya zamani, dakika kumi na tano. Mfua shaba wa kienyeji, dakika thelathini na tano. Halafu gari, moja kwa moja, Kilwa.

Tanuri la kambo linataka saa tano, kuanzia kuwashwa mpaka shaba itoke.

Nilimpigia Djo, ambaye namwita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya Djo, kambo anafikiri wanakuja juu ya croisette."

"Croisette?" Alicheka, bila ubaya, akiusingizia mtandao. "Ah, ile réseau! Lakini si ni bien? Atawaonyesha kidogo, watapiga picha, atapata zawadi yake."

"Shaba haitakuwa imetoka. Hawawezi kukaa mpaka saa saba?"

"Huguette, unajua barabara ya Kilwa? Nikitoka saa saba, nalala porini na wazungu ine. Mwambie awashe mapema."

Lilikuwa shauri zuri. Nilienda Kasapa jioni ile ile nikiwa nimepanga sentensi zangu njiani. Nilimkuta kambo ameshachimba umbo la msalaba kwenye mchanga, analisawazisha kwa kidole gumba, jicho lake la kushoto likiwa karibu kugusa ardhi.

"Kambo, si vizuri kuwasha mapema? Alfajiri? Wakifika wakute shaba inatoka."

Alinyanyua kichwa.

"Waone mwisho tu? Bantu balivuka bahari juu ya croisette, miye niwaonyeshe mwisho, kama filme ya kuchelewa? Hapana. Wataona udongo, wataona jiwe, wataona moto unalimeza. Ukiona jiwe likiingia, njo utaamini shaba ikitoka."

Nilipaswa kumwambia pale pale. Lilikuwa neno moja, na mwisho wake tu ndio uliokuwa tofauti. Alikuwa amevaa lile vazi lake la bluu la kiwandani, amelifua, amelipiga pasi, ili kulijaribu. Nikasema, "Ndiyo, kambo." Nikarudi nyumbani. Jumatano sikwenda. Alhamisi nilikwenda nikapiga ufagio uani kwake.

Ijumaa moto uliwashwa saa mbili asubuhi. Mama Adolphine alikuja na makala yake, akakaa mwenyewe kwenye viriba, akavuta na kusukuma, akimtukana kambo kwa furaha. Majirani saba au wanane walisimama kwenye ua wa majani.

Wageni walifika saa tatu na dakika ishirini: wanaume wawili wenye mvi na wake zao. Walikuwa watu wema, na sina la kuwalaumu. Walimpa kambo mkono, waligusa udongo wa tanuri, waliuliza maswali. Kambo alijibu kila swali kwa urefu, nami nikatafsiri kwa ufupi, kwa sababu Djo alikuwa anatazama saa. Mama mmoja mwenye kofia pana alishika jiwe la kijani akaliweka shavuni. Kambo alipolitia tanurini mbele yao, gunia zima, kidogo kidogo, makala na jiwe, makala na jiwe, wote waliinama kutazama. Hata Adolphine.

Halafu Djo akapiga makofi mawili.

"On y va, on y va! Kilwa inatungoja."

Kambo alisikia milango ya gari.

"Banaenda wapi? Moto haijafika hata nusu."

Nilimgeukia yule mama wa kofia. Nikamuuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, kama hawawezi kungoja. Alisikitika kweli. Aliniambia safari imepangwa, lakini labda watapita tena baada ya croisière. Alilitamka kwa Kifaransa, kwa heshima ya mzee, na kambo alilisikia.

"Anasema nini?"

"Anasema labda watarudia," nikasema. "Nyuma." Kwetu nyuma ni baadaye, na kurudia ni kurudi.

"Nyuma ya croisette." Uso wake ukafunguka. "Ni sawa. Waende wakule. Croisette ikiwa tayari, watarudia waione ikitoka."

Gari liliondoka. Nyuma ya croisette. Nilikuwa nimesimama na mdomo wazi, na majirani wananitazama, na vumbi la gari halijatua bado. Sikulisahihisha.

Majirani walitawanyika mmoja mmoja. Hakuna anayeacha kazi zake kutazama moshi. Mama Adolphine alivuta viriba mpaka saa sita, jasho likimtoka. Mikono yake ilipochoka nilikaa mimi. Kambo alizunguka tanuri, kiganja mbele, akipima joto, na kila mara aliniuliza juu ya ndimi za moto pale juu mdomoni, kwa sababu kwenye jua la mchana jicho lake halikuziona kabisa.

"Rangi?"

"Vert, kambo."

"Vert gani? Ya sombe ao ya chupa?"

Sombe ni majani ya muhogo. Nilitazama. Sikujua kwamba kijani kinaweza kuwa kigumu hivyo.

"Ya sombe."

"Jiwe bado. Vuta."

Saa saba kasorobo ulimi wa moto ulikuwa mwembamba, unang'aa, unapenyeza mwanga kama chupa ya dawa iliyoinuliwa juani.

"Kambo, ya chupa."

"Hakika?"

"Hakika."

Alichukua mtalimbo, akapiga magoti mbele ya kitundu cha chini, kile kilichozibwa kwa udongo ili shaba itokee hapo iingie mchangani. Nikaona ameshaulenga. Kisha akautua.

"Balisharudia?"

"Bado."

"Adolphine! Nenda pa njia kubwa. Ukiona gari ya Djo, wapungie mukono, wasipotee. Na uite bantu ba hapa!"

"Miye planton yako sasa, ya kutumwa?" Adolphine akasema, lakini alikwenda, akijipangusa kwa kitenge.

Tukabaki wawili. Mimi nilikuwa navuta viriba kwa mikono yote miwili. Simu yangu ilikuwa kwenye mkoba, mkoba mlangoni.

"Kambo, toboa."

"Tubangojee kidogo."

"Makala inakwisha."

"Kidogo, bibi yangu. Beko pa njia."

Nilitazama njia. Palikuwa na wanafunzi wawili na mbuzi. Wakati huo wageni walikuwa wamekwisha kuuacha mji mbali nyuma yao. Nilivuta kwa nguvu zaidi, kama vile pumzi za viriba zingeweza kufanya kazi ya neno ambalo nilikuwa nimelikalia tangu Jumanne.

"Rangi?"

"Bado chupa." Ilikuwa kweli. Dakika moja baadaye haikuwa kweli tena. "Kambo, inakuwa bulu. Nyembamba. Toboa!"

"Balisharudia?"

"Habatarudia!" Nadhani nilipiga kelele. "Habatarudia, kambo. Si croisette. Ni croisière. Beko pa njia ya Kilwa."

Alishika mtalimbo akausukuma, mara moja, mara mbili, udongo ukapasuka, na shaba ikatoka.

Ilitoka kweli. Ilikuwa nyekundu kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, ikaingia kwenye msalaba wa mchanga polepole, ikajaza mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha ikawa nzito kama uji uliopoa, ikajikunja shingoni mwa mkono wa nne, ikasimama. Kambo alichokonoa kitundu mpaka mtalimbo ukanasa. Hakikutoka kingine.

Tulikaa chini. Kambo akajipangusa mchanga mikononi.

"Croisière njo nini?"

"Ni boti. Bantu banalala mu boti, banatembea mu ziwa."

"Banaenda wapi?"

"Hakuna, kambo. Banazunguka, banarudia."

Akafikiri.

"Na siye?"

"Siye tulikuwa kitu ya kuona mbele ya boti."

"Ulijua siku gani?"

"Siku ya pili."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa saa. Ningependa angenigombeza. Aliuliza tu kama shaba imeshakuwa nyeusi, nikasema ndiyo, akaimwagia maji, akangoja, kisha akaweka kidole.

"Moya," akasema. "Mbili. Tatu."

Hapo mama Adolphine akarudi kutoka barabarani, amechoka, viatu mkononi.

"Chomba, hakuna gari, hakuna muntu. Hata jirani hakuna anataka kukuya, wanasema…" Akaiona ile shaba nyeusi mchangani, akaangua kicheko. "Ah! Kumbe ulikuwa nayo tayari! Na ku soko safari hii wamekuuzia yenye kuvunjika?"

"Imetoka mu jiwe, mama," nikasema. "Niliona. Nilikuwa hapa."

"Weye uko mujukulu yake," akasema kwa upole, akiketi kando yetu na kunyoosha miguu. "Ningekuwa weye ningesema vile vile. Chomba, sema kweli. Uliinunua bei gani?"

Kambo alikuwa anapapasa mchanga kwa kiganja, taratibu, pale ambapo mkono wa nne ulipaswa kuwa.