Njia ya Baba Baada ya Alasiri

Mama aliipanga njia ya baba kwa choroko. Alikuwa amekaa juu ya mkeka na sinia mbele yake, amevaa nguo zake nyeupe za eda, na badala ya kuchambua mawe alikuwa akizisukuma punje kwa kidole, moja moja, hadi zikawa mstari uliopindapinda. Punje ya kwanza ilikuwa mlango wetu wa Kibokoni. Ya mwisho ilikuwa mlango uo huo, maana baba alitoka kila siku ya Mungu kwa swala ya alasiri, akarudi baada ya isha.

"Wende unipigie picha kote alikopita," akasema. "Nami nitembee naye."

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Udongo wa kaburi la baba ulikuwa bado mbichi, na mama hakuruhusiwa kuvuka kizingiti mpaka eda yake ya miezi minne na siku kumi iishe. Mimi nilikuwa nimeajiriwa katika studio ya picha pale Mwembe Tayari, nikiwapiga picha za vitambulisho wasafiri waliokuwa wakingoja mabasi ya bara. Kwa sababu hiyo nyumba nzima iliamini mimi ni bingwa wa kamera. Ukweli ni kwamba nilijua kumwambia mtu anyanyue kidevu, basi.

Tajiri wangu, Mhindi mmoja mzee wa Kibohora asiyependa maneno mengi, aliniazima kamera na filamu moja. Alinipa na nasaha. "Kwanza peleka miguu, kamera baadaye. Mahali usipopajua patakumalizia filamu bure."

Basi siku ya kwanza nikavaa buibui langu, nikaenda mikono mitupu. Nilipita Ndia Kuu, nikazunguka hadi Marikiti, nikashuka Kuze, nikitazama juu kama mtu aliyepoteza njiwa. Mji wa Kale una ubahili wake wa mwanga. Alasiri jua hugusa ghorofa za juu tu, na katika vichochoro vingine huingia kidogo, likalamba ukuta mmoja na kutoka. Nikarudi nyumbani nimeshapanga kila kitu: Kuze kwanza kabla hakujaingia kivuli, kisha Marikiti, na Ndia Kuu mwisho.

Mama alikataa katakata.

"Babako hakutembea kwa jua. Alitembea kwa mazoea. Nataka kama alivyokwenda."

"Mama, picha zitatoka nyeusi."

"Na zitoke."

Tukabishana mpaka wageni waliokuja kumpa pole wakanyamaza kutusikiliza. Mimi si mtu wa kushindwa upesi, na yeye ndiye aliyenizaa. Hatimaye nilikubali. Akalivuta sinia karibu, akazipanga punje upya: nyumbani, msikitini, Marikiti kwa muuza tambuu, Kuze kwenye baraza la kahawa, kisha msikitini tena kwa magharibi. Halafu akachukua punje moja zaidi, akaiweka kati ya baraza na msikiti, kando kidogo ya mstari.

"Hapo pana nini?" nikauliza.

"Uchochoro. Nyuma ya duka la vitambaa."

"Ule hautokezi popote, mama. Ameupitia nini baba?"

"Alikuwa akipita."

"Umejuaje, nawe hukuwahi kufuatana naye?"

Aliokota jiwe katika choroko, akaliweka pembeni, akaokota jingine.

Usiku ule usingizi uliniruka. Katika mji wetu kila nyumba ina udi wake. Mama alichanganya wake kwa mkono wake mwenyewe, na ukipita nje unajua bila kuambiwa kwamba hapa ni kwetu. Nikakumbuka kanzu za baba za Alhamisi. Mama alikuwa akizipokea mlangoni, akizinusa kwa haraka kabla ya kuzitundika, na mimi nikidhani anatafuta jasho. Nikakumbuka chakula cha Alhamisi pia. Baba alikuwa akikigusa kwa ncha za vidole na kusema amekula kwa rafiki. Mama alikuwa akikifunika tu. Mwanamke mmoja jirani yetu aliwahi kumtania: "Huyo rafiki apika vyema!" Mama akacheka pamoja naye.

Hapo ndipo nilipoielewa ile punje ya choroko, na nikaogopa. Mama hakutaka kutembea na baba. Alitaka kujua alikokuwa akienda, na alikuwa ametuma macho yangu. Na mimi sikutaka kujua. Baba yangu nilimzika mzima, mtu wa msikiti na kahawa, na sikutaka mtu aje kunigawia nusu yake. Zaidi ya hayo nilimhofia mama. Alikuwa hajalia hata mara moja tangu msiba. Watu walimsifu kwa subira, mimi nikaona mtu aliyeshika mzigo mzito ambaye ukimgusa tu utamponyoka. Na eda ilikuwa bado ndefu mbele yake, ndani ya kuta zile zile.

Lakini nilikwenda. Nilipiga mlango wetu, nikapiga viatu vilivyojipanga nje ya msikiti, nikapiga mikono ya muuza tambuu kwa sababu uso wake aliukataza. Kwenye baraza la kahawa wazee waliniachia mahali pa baba, pakiwa patupu, nipige picha pale alipokaa. Mmoja wao aliniuliza nitaelekea wapi baadaye. Nilipomwambia, akakoroga kahawa yake, na kahawa ile haikuwa na sukari ya kukorogwa.

Uchochoro ulikuwa umeshaingia kivuli, kama nilivyomwambia mama. Mwanamke mtu mzima aliuza mahamri pale mdomoni, karai lake likichemka. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa ya kupiga picha.

"Piga kote, mwanangu," akasema, "ila dirisha lile liwate. Mna kizuka ndani."

Kizuka ni mwanamke aliyefiwa na mume, aliye katika eda. Mama yangu naye alikuwa kizuka.

"Amefiwa lini?" Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Mumewe alizikwa Ijumaa ile ya mvua kubwa. Maskini, hata jeneza hakuliona. Lilitoka nyumba nyingine." Akanyanyua macho kutoka kwenye karai, akaniangalia uso vizuri, paji na pua. Mahamri yakaanza kuungua, wala hakuyageuza.

Ijumaa ile ya mvua kubwa tulimzika baba. Dirishani pazia lilisogea, likarudi. Niliishusha kamera, nikaondoka kwa haraka hata buibui likanikwaza, na picha za msikiti nilizopiga wakati wa magharibi zote zilitoka zimetikisika.

Nilizisafisha mwenyewe studio. Nilikuwa nimeshatunga maneno ya kumwambia mama: giza, filamu, kivuli. Yeye hakuniuliza. Alizipokea picha, akazipanga juu ya mkeka kwa mpango wa choroko, mlango, viatu, mikono ya tambuu, na kila moja aliitazama kwa muda mrefu. Alipofika kwenye baraza tupu aligusa pale mahali pa baba. Kisha akaweka picha ya msikiti, lakini hakuisogeza karibu na ile ya baraza. Aliacha pengo la upana wa picha moja.

"Hapa umeruka," akasema.

"Palikuwa na giza."

"Nakuuliza, mwanangu."

Nilimtazama, nikaona kwamba nikisema uongo ataupokea, na kwamba hataniuliza tena kitu maisha yake yote.

"Mna kizuka," nikasema. "Tangu Ijumaa ile."

Nje mtu alipita na mkokoteni, magurudumu yakagonga mawe mpaka mwisho wa mtaa. Nilingoja apige kelele, amtukane yule mwanamke, amtukane baba, anitukane mimi.

"Ukampa pole?"

"Nani?"

"Huyo mfiwa. Umefika mlangoni pake. Ukampa pole?"

"Mama, nilikimbia."

Hapo ndipo alipokasirika. "Nimekulea mimi, upite mlango wa mfiwa kama upitao ukuta? Hapa kwangu umeingia mji mzima. Sijui hata wengine ni nani, wala sahani walizoleta ni za nani. Kwake kaingia nani? Nani ajuaye kwamba yule naye amefiwa?" Akajifunika uso kwa ukaya wake mweupe, na kilio alichokuwa amekishikilia tangu Ijumaa ile kikatoka chote, kikubwa, cha aibu na cha hasira, hata nikaogopa kumshika. Kilipopungua alisema kutoka ndani ya kitambaa, "Nenda kampe pole yangu. Mwambie nilijua. Usimwambie nimelia."

Nilikwenda nikiwa nimekasirika na kila mtu, baba kwanza. Njiani nilipanga maneno makali, na mengine yalikuwa mazuri kweli. Mwenye mahamri aliponiona alisogeza karai nipite. Nikapiga hodi.

"Karibu." Alikuwa mtu mzima kuliko nilivyomdhania, na nguo zake nyeupe zilikuwa zimetiwa viraka kwapani. Alisimama nusu nyuma ya pazia, akiniangalia paji na pua.

"Mamangu akupa pole," nikasema. "Asema alijua."

Akafumba macho. Nilingoja ajibu, nipate pa kuanzia ugomvi wangu.

"Kaa kitako, mwanangu," akasema. "Tangu afe, sijapata mtu wa kumnena naye."

Nikavua viatu, nikakaa.