Taa Nyekundu kwenye Kahawa ya Mama

Watu wakisikia nafundisha elektroniki ya mwanga hudhani natengeneza balbu. Nimechoka kueleza. Kwa kifupi, kuna vipande vidogo vya madini ambavyo ukivipa umeme vinatoa mwanga, na vingine ukivimulika vinatoa umeme. Utafiti wangu, ule niliousomea Ulaya mpaka nikaanza kuota mvi, ulikuwa kuviweka vyote viwili juu ya chipu moja ndogo kuliko punje ya mchele, kimoja kimulike, kingine kipokee mwanga unaorudi. Nikarudi na shahada yangu. Chuoni nikakuta maabara haina kiyoyozi, vumbi limekaa mezani kama mwenye nyumba. Soko huria lilikuwa limeingia, tukaambiwa kila mtafiti ajitafutie mfadhili. Wenzangu wakafuga kuku. Mimi, mpumbavu, nikakaa kuunganisha kwa gundi na risasi ya kuchomea kile nilichopaswa kukijenga kwenye chipu.

Nilikuwa na sababu. Mama yangu ni Mnyasa, mtu wa ziwani, aliyeolewa huku juu milimani, kijijini Mapera. Baba alipofariki, shamba la kahawa likabaki mikononi mwake, na baba mdogo hakuficha tamaa yake. "Mtu wa ziwani anajua usipa, vidagaa vyao," alikuwa akisema, "kahawa ataijulia wapi?" Kikao cha ukoo kikaamua hivi: kahawa ya msimu ule ikichukuliwa daraja la kwanza, mama abaki na shamba. Isipochukuliwa, shamba lirudi kwa ndugu wa marehemu. Nilikuwepo kikaoni. Nilikasirika, lakini mbele ya wazee ungesema nini?

Enzi za ushirika kahawa ilichelewa kulipiwa lakini ilipimwa. Sasa walikuja wanunuzi binafsi na magari yao, mnunuzi anaitupia kahawa jicho moja tu, "Hii bado mbichi," bei imeshuka. Wakulima wetu huing'ata punje kujua kama imekauka, na hawakosei. Lakini mnunuzi ana shida gani na meno ya mtu? Ndiyo maana nikatengeneza kile kifaa. Maji yaliyomo ndani ya punje hunyonya mwanga fulani usioonekana kwa macho. Kifaa changu kiliimulika kahawa kwa mwanga huo na kupima uliorudi. Kavu, taa ya kijani. Mbichi, nyekundu. Nilitaka niwafunge midomo wale watu mbele ya kadamnasi.

Nilipokwenda likizo nilimweleza mama: nitaleta mashine itakayoitazama kahawa yako kwa mwanga wake.

"Itaona kila kitu?" akauliza.

"Kila kitu, mama."

Akacheka, nami nikacheka. Nilidhani tumeelewana.

Nilipokwenda kwenye mnada wa kahawa basi lilituharibikia njiani, nikalala Songea, nikafika Mapera watu wameshapanga magunia. Mama alikuwa amevaa kanga yake ya kanisani. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba." Sikupata hata nafasi ya kuingiza mkono kwenye magunia yake. Mnunuzi alikiangalia kifaa changu, akatabasamu. "Haya Profesa, kikiwaka kijani nachukua daraja la kwanza bila maneno." Wakati huo sikuwa profesa, lakini kijijini walishanipa.

Jirani wa kwanza, kijani. Wa pili, kijani. Wanawake wakapiga vigelegele, kichwa changu kikavimba. Nikasema sasa ya mama.

Nyekundu.

Nikapangusa kioo, nikarudia. Nyekundu. Nikafungua gunia la pili, nikachota kutoka chini kabisa. Nyekundu vilevile. Mama akanisogelea, akanong'ona, "Nimeiosha."

"Umeosha nini?"

"Kahawa. Ilikuwa na vumbi la kichanjani, nikaona aibu. Ulisema itaona kila kitu. Kwetu ziwani usipa wenye mchanga hatuwapeleki mbele ya mnunuzi, tunawasuuza kwanza. Nimeianika tena, sikuing'ata, lakini kwa macho mbona ilionekana imekauka."

"Lakini mama, kahawa iliyokwisha kukauka haioshwi!"

"Najua haioshwi," akasema. "Miaka yote sijawahi kuiosha. Lakini haijawahi kutazamwa na mashine."

Nikamwendea mnunuzi. Nikamwambia ni maji ya kuoshea tu, aiache ipigwe jua siku mbili, ni kahawa safi kuliko zote hapo. Akaangalia watu, kisha akaniangalia mimi.

"Profesa, tukuamini wewe au tuiamini mashine yako?"

Wakaangua kicheko. Hata wale wawili wa kijani walicheka, Mungu anawaona! Magunia ya mama yakachukuliwa daraja la mwisho. Baba mdogo peke yake hakucheka. Alikuja akanishika bega kwa upole, na upole ule ndio uliniuma kuliko yote. "Umejionea, mwanangu. Safari hii si mimi niliyesema."

Nimemchukia mpaka leo. Amekwisha kufa na bado namchukia.

Na eti kifaa hakikukosea! Niliporudi chuoni niliandika makala juu ya majaribio yale, kwamba hata maji ambayo jicho haliyaoni kimeyaona. Wenzangu wakanipongeza. Makala ile ilinipandisha cheo, na kuna watu wanaoisoma mpaka sasa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ile kahawa iliyowaka nyekundu ilikuwa ya nani.

Jioni ile tulirudi nyumbani tumeongozana, mama mbele, amekunja magunia matupu kwapani. Njia ilipita katikati ya shamba. Alisimama kwenye mibuni yake, nikajua sasa atalia, au atanitukana, na nilitamani anitukane. Akageuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, baba," akasema. "Umesoma mpaka Ulaya, halafu mimi nimekuaibisha mbele za watu."