Lita Tano za Njia ya Muleba

Protase Kagaruki aliitwa ofisini siku ya Jumatatu, kabla hajamaliza kufuta vioo vya gari. Akaenda vivyo hivyo, kitambaa mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na nusu ya miaka hiyo ameimalizia kwenye usukani. Alianza na malori ya kahawa ya Kamachumu, akaja kwenye basi dogo la Biharamulo ambalo lilimharibu mgongo, na mwisho akapata mkonga, yaani Land Cruiser, wa shirika dogo la afya lenye ofisi yake Kahororo, mjini Bukoba. Kazi yake ilikuwa kupeleka wauguzi na dawa Muleba, mara tatu au nne kwa wiki. Mizigo ya wale waliovuka kwenda kisiwa cha Goziba aliishusha stoo ya hukohuko Muleba, wengine wakaichukua hadi mwaloni, mitumbwi inakotia nanga. Yeye alingoja kliniki ya Muleba ifungwe, akarudi Bukoba na wauguzi.

Msimamizi wa ofisi, Evelyne, alikuwa na umri sawa na bintiye mkubwa.

"Keti, mzee Kagaruki."

"Niko sawa, madamu. Nguo zina vumbi."

Evelyne akamgeuzia kitabu cha gari. Mwandiko ulikuwa wa Protase mwenyewe. Hadi mwezi wa kwanza, kwenda Muleba na kurudi kulimaliza lita kumi na sita za dizeli, kumi na saba siku ya mizigo mizito. Kuanzia mwezi wa pili ilikuwa ishirini na moja. Siku nyingine ishirini na mbili.

"Gari ni lilelile, njia ni ileile," Evelyne alisema. "Hizi lita tano zinakwenda wapi?"

Swali hilo Protase alilijua. Aliwahi kuona madereva wenzake wakifukuzwa kazi kwa sababu ya mpira na dumu, na wengine walistahili. Yeye hajawahi kunyonya mafuta ya mtu, hata zile siku za malori ambapo kila mmoja alinyonya. Kilichomshangaza ni kwamba hakukasirika. Zamani angepandisha sauti hadi watu wa chumba cha pili wasikie. Sasa alitamani tu kile kiti alichokikataa.

"Mkurugenzi anataka maelezo yako kwa maandishi kabla ya Ijumaa," Evelyne aliongeza kwa sauti ya chini. "Mimi sijasema umeiba."

"Lakini yeye amesema."

Protase akatazama nje dirishani, gari lilipoegeshwa. Juu ya paa lake kulikuwa na keria ya chuma iliyofungwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyeiagiza kwa Lameki, fundi wa kuchomelea, ili magodoro na maboya ya kuvalia ziwani yapate mahali. Akataka pia mbele pawekwe bati zima, limesimama wima kama kibao cha shule, na jina la shirika liandikwe kwa rangi nyekundu lionekane kutoka mbali.

"Madamu," Protase alisema, "nadhani ni ile keria."

"Keria haina injini, mzee."

"Haina. Lakini lile bati linakinga upepo. Nikifika palipo wazi nasikia linavyovuma, na mguu wangu unajua. Lazima nikanyage zaidi ndipo gari liende mwendo uleule. Tulipime. Siku moja nayo, siku moja bila yake. Uje wewe mwenyewe uandike."

Evelyne aliwahi kusoma fizikia hadi kidato cha sita. Aligongagonga kalamu mezani.

"Ukiitoa utakuwa umepunguza na uzito," alisema. "Watatuuliza hilo. Keria hiyo ina kilo ngapi?"

Hilo Protase hakuwa amelifikiria. Alimwangalia yule binti kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Jioni ile alifika nyumbani kwake Ijuganyondo na gari, kwani ndiko lilikolala, saa kumi na moja kasorobo. Agnetha, jirani yao, alikuwa amekwisha kusimama mlangoni na khanga yake begani. Kila siku alikaa na mke wa Protase hadi saa kumi na moja, kisha alikwenda kukama ng'ombe na kupikia wanawe. Hakuweza kuzidisha hata robo saa, na Protase hakuwa na uso wa kumwomba zaidi.

Kokuberwa alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, macho yakitazama migomba. Alipata kiharusi wiki ya kwanza ya mwezi wa pili, akiwa anapalilia kahawa. Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi, na maneno yakawa yanatoka mazito, nusu Kihaya nusu kitu ambacho mumewe tu ndiye aliyekielewa. Watoto wao wawili walikuwa mbali, mmoja Mwanza, mwingine Dodoma. Walipiga simu.

Protase alimwosha, akambadilisha nguo, akamenya ndizi akazibandika na maharage. Alimlisha polepole, akisubiri ameze. Kuhusu barua ya maelezo aliyodaiwa ofisini hakumwambia. Alikaa pembeni yake na sahani yake mwenyewe magotini, chakula kikapoa kabla hajakigusa.

Jumanne asubuhi Lameki alifungua nati nane na wakaishusha keria watu wanne. Waliipeleka kwenye ghala la kahawa lililo jirani na kuiweka kwenye mizani. Ilikuwa na kilo sitini na nane. Evelyne akaagiza mifuko ya mchanga ya uzito huohuo ifungwe nyuma ya viti, ili gari lisiwe jepesi siku moja na zito siku nyingine. Protase alipima upepo wa matairi. Kisha wakaenda kituo cha mafuta, akaegesha kwenye pampu ya mwisho, akaweka alama ya chaki sakafuni tairi la mbele liliposimama. Dizeli ilijazwa hadi shingoni. Akalitikisa gari kwa mabega yake ili mapovu yatoke, ikajazwa tena. Mhudumu wa pampu aliwatazama kama watu walioishiwa kazi.

"Themanini, isizidi," Evelyne alisema alipofunga mkanda. "Ndiyo sheria ya ofisi. Na kwenye vijiji hamsini."

"Ndiyo, madamu."

Waliondoka saa mbili, vioo vimepandishwa. Walipita Kemondo, wakapita Muhutwe, na hapo njia ilipofunguka Protase alitambua jambo ambalo hakulitarajia. Kulikuwa kimya. Ule mvumo uliokuwa ukikaa juu ya kichwa chake njia nzima kila safari, miezi mitano, haukuwepo. Kumbe ulikuwa ukimchosha pia. Mara mbili ilibidi ajikaze asisinzie kwa raha.

Waligeuza gari Muleba bila kuzima injini, wakarudi, wakasimama penye alama ya chaki. Tenki lilimeza lita kumi na sita na robo.

Jumatano keria ilirudishwa juu, tupu, na mchanga ukatolewa. Saa ileile, mwendo uleule, na ziwa lilikuwa limetulia kama jana yake. Mvumo ulianza walipotoka mjini. Evelyne aliinua macho juu ya paa.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Na wewe unaisikiliza kila siku?"

"Nimezoea, waitu," alisema kwa neno la heshima la Kihaya, ingawa jana tu alikuwa amegundua kwamba hajazoea.

Pampu ilikata kwenye lita kumi na nane na nusu. Evelyne akaandika, akapiga hesabu, akaipiga tena. Protase aliona uso wake ukishuka.

"Mzee Kagaruki, keria inakula. Hilo tumeliona, lita mbili na zaidi. Lakini kitabu kinasema ishirini na moja. Bado kuna lita mbili na nusu, na siku nyingine zaidi. Mkurugenzi ataniuliza hizo nazo ziko wapi, na sitakuwa na la kumwambia."

Protase alishika usukani kwa mikono miwili. Gari lilikuwa limezimwa. Nyuma yao pikipiki ilipiga honi ikitaka pampu. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu Muhutwe, pale alipotazama kipima mwendo kikisoma themanini na kuona jinsi miti ilivyokuwa ikipita taratibu. Mwendo huo hakuwa ameuendesha tangu mwezi wa pili.

Angeweza kunyamaza. Angesema injini imechoka, au ni mizigo, na pengine wangeridhika nusu.

"Twende tena kesho," alisema. "Na keria. Lakini kesho niendeshe kama ninavyoendesha siku ambazo wewe haupo."

"Unaendeshaje?"

"Utaona, madamu. Afadhali uone."

Alhamisi waliondoka saa ileile. Vijijini alikanyaga breki na kwenda hamsini, kama kawaida yake. Lakini kila kijiji kilipobaki nyuma mshale ulipanda, tisini, mia, mia na kumi palipo wazi, na sauti ya lile bati ikageuka kutoka mvumo kuwa mlio. Evelyne alishika kishikio cha mlango. Hakumwambia apunguze. Walipogeuza Muleba aliuliza bila kumtazama:

"Kila siku?"

"Wakati wa kurudi, kila siku. Wakati wa kwenda pia, maana asubuhi naondoka nimechelewa."

"Kwa nini?"

Basi akamwambia. Ofisini walijua mkewe anaumwa, wakamchangia mwezi ule alipougua, na habari ikaishia hapo. Hawakujua habari ya saa kumi na moja. Mwezi wa tatu wauguzi walimchelewesha Muleba, akafika nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Agnetha alikuwa ameondoka. Kokuberwa alikuwa sakafuni katikati ya kiti na mlango, amejilowesha, shavu limechubuka, wala hakulia. Alitaka kwenda kuangalia kama gari linakuja.

"Nilikuwa naharakisha tangu alipougua, lakini tangu siku hiyo," Protase alisema, "nikivuka Muhutwe mguu haunisikii."

Baadaye, walipokuwa wanapanda kilima cha kuingia Kemondo, Evelyne alitoa leso akapenga pua na kusema mafua ya Bukoba hayaishi.

Pampu ilikata kwenye lita ishirini na moja na robo. Hazikubaki lita za kutafutwa.

Ijumaa Protase hakuandika barua. Evelyne aliandika ripoti, ukurasa mmoja na nusu, akamsomea kabla ya kuipeleka. Ilisema wazi kwamba kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo upepo unavyolishikilia lile bati kwa nguvu zaidi, na kwamba keria na mwendo kwa pamoja ndivyo vilivyokula mafuta. Ilisema pia kwamba dereva amekiri mwenyewe kuvunja sheria ya themanini.

"Hilo la mwisho ningeweza kuliacha," alisema.

"Liache lilivyo. Bila hilo hesabu haifungi."

Mkurugenzi alisoma, akatoka nje akasimama mbele ya gari akitazama jina la shirika lake kwa muda mrefu. Jioni alitoa uamuzi. Bati likatwe, keria ipandishwe tu wiki zenye mizigo ya visiwani, na Protase Kagaruki apewe onyo la maandishi kwa mwendo kasi. La wizi halikutajwa tena. Hakuomba radhi, na Protase hakuisubiri. Alisaini onyo lake, akakunja nakala na kuitia mfukoni.

Evelyne alijaribu kumsaidia. Alitaka gari litoke Muleba saa nane badala ya saa tisa, lakini wauguzi walisema kliniki haiwezi kufungwa watu wakiwa kwenye foleni, nao hawakukosea. Walipatana saa nane na nusu. Kisha akamuuliza kama angependa kazi ya stoo, pale Kahororo, bila safari, atoke saa kumi kila siku. Protase alimwambia angefikiri. Stoo kulikuwa na posho ndogo na maboksi mazito, na mgongo wake aliufahamu.

Jumatatu iliyofuata alirudi kutoka Muleba kwa mwendo wa themanini, paa likiwa tupu. Magari yalimpita. Basi lilimpita, dereva wake akampungia mkono kwa dhihaka. Alifika Ijuganyondo saa kumi na dakika hamsini na tano, na Agnetha alikuwa anafunga khanga.

"Leo umenipa dakika tano, Protase," alisema.

"Nitajitahidi, waitu."

"Siyo lawama. Amekula vizuri mchana. Ameomba kutolewa nje, nimemweka barazani."

Kokuberwa alikuwa barazani kweli, mto nyuma ya mgongo, mkono mzima ukiwa juu ya ule uliokufa. Aliinua uso.

"Umekuja polepole," alisema. Maneno yalimchukua muda kutoka. "Nimesikia. Gari halikupiga kelele."

"Wametoa bati."

Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Protase alikaa sakafuni kando ya kiti chake, miguu ameinyoosha, viatu vingali miguuni. Kulikuwa na maji ya kuchota, ndizi za kumenya, na shuka la kufua. Alijiambia atainuka baada ya dakika moja. Mkewe akamwekea mkono mzima kichwani, naye akaacha dakika ile ipite, na nyingine.

Siku tatu baadaye alimpelekea Evelyne jibu. Alikubali stoo.